Paka Aliyekula Zinki Yangu

Haya, nyinyi mliokaa kwenye ngazi, sogezeni magoti. Na wewe pale mlangoni unayejifanya unatafuta kiatu, rudi, kiatu kiko mguuni kwako. Anayetafuna sasa hivi ameze kwanza, maana habari hii si ya kusikilizwa na kitu mdomoni. Siku moja niliisimulia arusini. Meza ya kwanza walirudisha sahani jikoni zimejaa, na bwana arusi akanifukuza kwa mkono mmoja huku ananishukuru kwa mwingine, kwa sababu nyama ilibaki.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja, hapa hapa Kigali. Vita ilikuwa imeanza kule juu mpakani, barabarani kuna vizuizi, kila mtu anatembea na karatasi zake mfukoni, lakini sisi wa Nyakabanda bado tulikuwa tunashona na kucheka. Yaliyokuja baadaye siyatii kwenye habari hii. Hii ni habari ya kidole.

Nilikuwa fundi cherehani. Baba mkwe wangu alikuwa na duka la vitambaa, anauza ndani, mimi nashona nje barazani. Nyumba yake iko nyuma ya duka, na mimi na mke wangu tulipanga chumba kimoja ukuta wa pili. Kazi yangu ilikuwa nzuri. Nilishona haraka mpaka mteja akikohoa, kanzu imeshapata mkono mmoja.

Shida yangu ilikuwa chakula. Si kwamba nilikosa. Nilikuwa nakiona. Wewe ukitazama yai unaona yai. Mimi naona mahali lilipopita. Maziwa ya kuganda naona mafua ya ng'ombe. Utumbo ni taulo, na najua taulo hilo limefuta nini. Maini yanatetemeka kabla hujayagusa, kama kitu kinachojua unakuja. Na indagara, wale dagaa wadogo wadogo kutoka ziwani! Kijiko kimoja, samaki mia tatu, macho mia sita, yote yananiuliza, "Fundi, tulikukosea nini?" Hata maharage sikuyaamini. Kila harage lina kile kijicho cheupe ubavuni, na likichemka ngozi inavuka kama mtu aliyeungua.

Basi nilikuwa nakula vitu visivyo na uso. Asubuhi chai na andazi. Mchana andazi na chai. Jioni ubugali mweupe, mtupu, nausindikiza na chai. Nilikunywa chai mpaka ukinitikisa unasikia birika. Mke wangu akipika mchuzi, nausifu, halafu akigeuka kuchukua maji, mchuzi wote unakwenda chini ya meza. Chini ya meza kulikuwa na paka. Paka wa uani, hana mwenyewe, kijivu, na kila jioni anafika kabla ya adhana ya magharibi, kama mtu wa ofisi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ujinga wangu unapoanza. Katika kula hivyo miaka na miaka, tangu ujana wangu nikijifunza kazi, ulimi wangu ulikufa. Ulikufa polepole, bila kuaga, na mimi sikuhudhuria hata mazishi. Pua nayo ikaenda likizo. Nilidhani ni wapika maandazi wa siku hizi ndio wameharibika.

Na kifo hicho cha ulimi ndicho kilichonipa mke.

Mama mkwe wangu, Mungu ampe afya, ni mwanamke mwema kuliko wote niliowajua, na mpishi mbaya kuliko wote walioumbwa. Upande mmoja babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, upande wa pili ni wafugaji. Akarithi kote kote. Karafuu za pwani anatia kwa konzi. Samli ya wafugaji, ile inayofichwa kwenye kibuyu mpaka izeeke, yeye yake ilikuwa imezeeka kuliko wachumba. Nzi wakipita mbele ya jiko lake walikuwa wanapita kwa miguu, wamejifunika.

Na kwetu mkwe hakatai sahani. Unaweza kukataa mahari, unaweza kuchelewa arusi yako mwenyewe, lakini ukweni ukiletewa chakula unakula, na ukimaliza unashukuru. Mchumba wa kwanza wa mke wangu alionja, akaomba kwenda kunawa, mpaka leo ananawa. Wa pili alimaliza sahani lakini alilia, akasema anamkumbuka marehemu nyanya yake. Mimi siku ya posa nilifumba macho nisione kilichomo, nikameza, sikusikia kitu. Kama kumeza hewa. Nikasema, "Mama, naomba nyingine."

Yule mama alilia kwa furaha. Baba mkwe akanitazama kama anayemtazama mtu anayetafuna makaa ya moto. Mzee yule alikuwa mkimya, hajawahi kusema vibaya juu ya chakula cha mkewe, anakula huku macho yameelekea darini. Mwezi ule ule nikaoa. Na kila Ijumaa baada ya msikiti tukawa tunakula sinia moja kwa baba mkwe, mimi nafumba macho, nameza, naomba nyingine.

Haya. Sindano.

Nilikuwa nashona gauni la mke wa mkubwa mmoja wa Kimihurura, kitambaa cha pinki, laini kama uongo. Nikageuza shingo kucheka neno la mpita njia, mguu uko bado kwenye kanyagio. Sindano ikaingia juu ya kucha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia, ikatokea chini na uzi wa pinki ndani. Nilikuwa nimejikunja pindo mwenyewe.

Kwa fundi hiyo si ajali, ni salamu. Kila fundi ameshachomwa, inavimba, wiki moja inaisha. Yangu haikuisha. Wiki mbili, tatu, mwezi. Nikatia mafuta ya cherehani. Nikatia utando wa buibui. Nikatia tumbaku ya mzee mmoja, aliyekuwa ameshaitafuna kwanza. Kidole kikawa na rangi ya avokado iliyosahauliwa dirishani. Kikawa kinatoa maji, asubuhi ya njano, jioni ya kijani. Nzi walikuwa na zamu: wa asubuhi wanaondoka, wa mchana wanaingia, wanapeana habari.

Wateja wakaanza kupimwa kutoka mbali. "Fundi, mimi niko kama nilivyokuwa mwaka jana, shona tu!" Mama mmoja alinitupia kitambaa kutoka ng'ambo ya barabara.

Ijumaa moja nikanyoosha mkono kwenye sinia. Kaka yake mke wangu akaweka chini tonge lake.

"Shemeji," akasema, "huo mkono unatoka msikitini au unatoka kaburini?"

"Ni kidole tu, shemeji."

"Kidole? Mimi naona mtu wa pili. Mpe sahani yake, na yeye ana familia."

Watu wakacheka, lakini mikono yote ilikuwa imetoka kwenye sinia. Mama mkwe akaniletea kisahani changu peke yangu, pembeni, kama kifaranga kinachoumwa. Mimi niliyekuwa nachukizwa na dunia nzima, siku ile dunia ikanijibu.

Baada ya chakula baba mkwe akanivuta barazani. Akashika cherehani kama anayeshika bega la mtu.

"Mwanangu," akasema, "hii haishoni kwa maneno. Idi inakuja, watu wanataka kanzu. Kidole kikipona, mahali ni pako. Kisipopona, nitamweka fundi mwingine. Si kwa ubaya."

"Najua, baba."

Sikulala. Fundi bila kidole cha shahada ni nini? Hashiki kitambaa, haongozi mshono, hata kwenye swala anashuhudia kwa kidole cha jirani.

Mke wangu akanipeleka dispanseri. Muganga wa pale alikuwa mama mmoja mnene, Mkristo, mcheshi, aliyependa kutusemesha Kiswahili sisi watu wa msikitini, Kiswahili chake cha Kigali, kinatembea bila viatu, r inakaa mahali pa l, na mimi, wewe na yeye wote ni "na". Akafungua kitambaa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Fundi, hii kidole uritia nini?"

"Mafuta ya cherehani, muganga."

"Na hii nyeusi?"

"Utando wa buibui."

"Na buibui yenyewe iko wapi? Arikufa?"

Akaosha, akakwangua, akatoa vitu ambavyo sitavitaja, wewe kule nyuma naona umeshashika mdomo. Halafu akakaa, akanitazama nywele zangu zilivyokuwa nyepesi, akaniuliza:

"Asubuhi nakura nini?"

"Chai na andazi."

"Saa sita?"

"Andazi."

"Chai hapana?"

"Chai lazima."

"Jioni?"

"Ubugali."

"Ubugari na nini?"

Mke wangu akajibu, "Na mchuzi, muganga! Nyama ikipatikana, maharage, indagara, napika kila siku. Sahani inarudi nyeupe, imelambwa."

Muganga akanitazama. Mimi nikatazama ukuta. Mke wangu akanitazama mimi, na pale pale nikaona amekumbuka kitu.

"Paka!" akasema. "Ya Rabi, paka!"

"Nakura paka?!" muganga akaruka.

"Hapana, muganga! Paka ndiye anakula. Huyu anatazama!"

Yule muganga alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akachukua kidonge mezani, akavunja kipande, akasema, "Toa ulimi." Akakiweka. Nikakitafuna.

"Unasikia nini?"

"Unga."

"Hiyo ni kinini, fundi, dawa chungu ya mararia! Mtoto akipewa nusu ya hiyo, naria mpaka Butare wanasikia!"

Mke wangu hakucheka. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayerudi nyuma Ijumaa moja moja.

Basi muganga akanieleza, na mpaka leo nimeshika. Akasema mwilini iko kitu inaitwa zinki. Ni kidogo sana, haionekani, lakini ikipungua, kidonda kinasahau kufunga, ulimi unalala, nywele zinapungua. Na mwili hauwezi kuweka akiba yake, unataka kila siku, kama mke mpya. Akasema hawezi kuapa kwamba ni hiyo peke yake, uchafu niliotia nao una kesi yake, lakini mtu wa chai na andazi anamjua akimwona.

"Basi nichome sindano ya hiyo zinki," nikasema.

"Hapa sina. Sindano yako iko sokoni. Nyama. Maini. Indagara. Mayai, maziwa. Ukikosa pesa, maharage, karanga, mbegu ya maboga. Maharage, rowesha usiku mzima, ile maji mwaga, ndio mwiri inapata mzuri. Na kidole safisha kira siku, buibui mwache apumzike. Idi yenu ni rini?"

"Wiki saba."

"Nakupa hizo saba. Ikikataa kufunga, nakutuma hospitari kubwa. Kure wanakata."

Alivyosema *wanakata* alifanya na vidole, hivi, kama mkasi. Mimi mkasi naujua.

Tukarudi nyumbani. Mke wangu hakuvua hata mtandio, akaenda moja kwa moja chini ya meza, akamtoa paka, akamnyanyua juu.

Ndugu zangu, sikuwahi kumtazama vizuri yule paka. Alikuwa mkubwa kama ndama. Manyoya yanang'aa mpaka wanawake wa uani walikuwa wanajitazamia ndani yake wakifunga vitambaa. Mwezi ule alipigana na mbwa, sikio likapasuka vipande viwili, siku ya tatu likawa limefunga, halina hata alama.

"Tazama!" mke wangu akaniwekea paka usoni. "Tazama sikio! Zinki yako yote iko humu! Mimi nimeolewa na wewe, lakini nimemlisha huyu!"

Paka akapiga mwayo.

Toka siku hiyo nikaanza kuteseka. Mke wangu anafunga mlango, anamtoa paka nje, anakaa mbele yangu kwenye kigoda, mikono magotini, na hanyanyuki mpaka sahani iishe. Ulimi ulikuwa umekufa, namshukuru Mungu, lakini meno nayo yana macho. Indagara wanavunjika kichwa kimoja kimoja, na kila kichwa kina kelele yake, *trak*, na mkia unabaki kwenye ufizi unapunga. Maini yanateleza, unayauma upande huu yanakimbilia upande ule, kama unakula ulimi wa mtu mwingine aliye hai. Utumbo nilitafuna kutoka Jumatatu mpaka Jumatano.

Na maboga! Mama mmoja alikuwa anayaleta kichwani kutoka Kibagabaga, wakati ule kule ni mashamba tu. Unapasua boga, unaingiza mkono mpaka kwenye kifundo utoe mbegu, na ule ute unakushika, uzi uzi, kama umeingiza mkono puani mwa ng'ombe mwenye mafua. Mke wangu anakausha mbegu, anakaanga, anatia chumvi, ananijazia mfuko wa shati. Nilikuwa natafuna nikishona, barazani pamejaa maganda, wapita njia wanauliza kama tunafuga kasuku.

Maharage tukaloweka. Asubuhi maji yana povu la kijivu, yananuka, wenzangu walisema, kama soksi za askari wa zamu. Yanamwagwa. Mke wangu anasema, "Si umeona? Hayo ndiyo yalikuwa yanakuzuia." Mimi naona tu kwamba nilikuwa na haki ya kutoyaamini.

Kila nikisema nimeshiba, yeye anafanya vile vidole. Mkasi. Nafungua mdomo.

Na Ijumaa, kisahani changu pembeni, macho nafumba, nameza cha mama mkwe, nasema, "Naomba nyingine." Desturi ni desturi.

Wiki ya tatu, kando ya kidonda pakawa na rangi ya waridi. Nzi wa asubuhi hawakuja. Wiki ya tano, nzi wa mchana nao wakahamia kwa muuza matunda. Wiki ya sita kidole kikaanza kuwasha, muganga akasema kuwasha ni habari njema, nikawashwa kwa furaha. Nikakaa tena kwenye cherehani. Kanzu za Idi zilikuwa zimerundikana mpaka barazani pana giza, nikashona, kidole kinauma lakini kinashika. Baba mkwe akipita ananitazama kidole, anaweka chai.

Siku tatu kabla ya Idi niko hapo natafuna mbegu, kitu kikaniuma ulimi. Nikatema nikidhani ni nyuki. Si nyuki. Chumvi! Nikatia nyingine. Chumvi tena! Jamani, sijui kama mnajua kukutana na chumvi baada ya miaka. Nililamba ndimu, nikalia. Nililamba kifungo. Nililamba sabuni, hiyo niliijutia. Nilikunywa chai yangu nikagundua ina moshi, ina masizi, na birika halijaoshwa tangu enzi za mfalme. Miaka yote nilikuwa nakunywa masizi!

Nikakimbilia kwa mke wangu. "Ulimi umerudi!"

Akaweka mwiko chini. Hakufurahi.

"Umerudi wote?"

"Wote! Na pua pia!"

"Basi Idi tusiende kwa mama."

"Tusiende?"

"Sema tumbo linakuuma."

"Mke wangu! Mwaka mzima nasifu chakula cha mama bila kukionja. Sasa nitajua nilikuwa nasifu nini."

"Hilo ndilo ninaloogopa," akasema, akageukia sufuria. Mimi nikadhani ni wivu wa wapishi.

Idi kubwa, mnajua desturi yetu. Asubuhi huli kitu mpaka uswali na mnyama achinjwe, na cha kwanza kuingia mdomoni ni maini ya mnyama huyo. Kwa hiyo nilifika na njaa ya mtu mwenye ulimi mpya. Uani kwa baba mkwe mkeka umetandikwa, sinia katikati. Na mgeni wa heshima ni yule muganga, mama mkwe alimwalika mwenyewe kumshukuru, kakaa kwenye kiti, kavaa mukenyero, lile vazi la sherehe la kufunga begani, anacheka na kila mtu.

Kwanza kidole kilizungushwa kama bibi arusi. Muganga akakinyanyua juu.

"Muangarie! Imefunga! Hakuna kukata!"

Baba mkwe akakishika, akakibonyeza, akakitazama juani. "Cherehani ni yako," akasema. Nilitaka kulia. Shemeji akanishika mkono wenyewe, akauweka kwenye sinia. "Karibu kutoka kaburini," akasema. Watu wakacheka, na mkono wangu ukakaa pale, pamoja na mikono ya watu.

Mama mkwe akaja na maini. Kwa heshima hakunikaribia sana, akaweka bakuli upande wangu, akasema akiwa amegeuza uso, "Mkwe wangu, pande kubwa ni lako. Leo nimetia na nyongo yake yote, ifunge kidonda kwa ndani."

Baba mkwe akatazama darini, ingawa tulikuwa nje.

Nikafumba macho kwa mazoea, nikatia mdomoni.

Kwanza ikafika samli. Samli ile ilikuwa na umri. Ilikuwa na nywele. Ilinuka kama mbuzi dume aliyelala kwenye kiatu cha mtu aliyekimbia kutoka Gisenyi. Nikasema, vumilia. Nyuma yake zikaja karafuu, zikaniziba pua, harufu ya samli ikabaki imefungiwa ndani, inatafuta mlango. Kisha nikauma, na nyongo ikatoka. Ndugu zangu! Kinini ilikuwa asali! Masikio yangu yalionja. Soksi zangu zilionja. Na juu ya hiyo nyongo, sukari. Alikuwa ametia sukari!

Nikafungua macho. Wote wananitazama, wanangoja nyingine. Mama mkwe anatabasamu. Mke wangu ameshajifunika mtandio usoni. Baba mkwe ananitazama, midomo inatembea bila sauti: *Meza, mwanangu. Meza.*

Nikasukuma. Koo likasukuma kurudi. Nikasukuma tena, machozi yanatoka, nimeshika mkeka kwa vidole vyote kumi. Koo likashinda. Pande lile liliruka kama jiwe la manati, likapita juu ya sinia, likapita bega la shemeji, likaanguka mchangani mbele ya yule paka.

Paka, aliyekula kila kitu nilichowahi kukichukia, akalinusa. Akarudi nyuma hatua tatu. Akageuka, akaanza kulifukia kwa miguu ya nyuma.

Uani kote kukasikika mchanga tu.

"Mkwe wangu!" mama mkwe akasema. "Mwaka mzima unaomba nyingine! Leo nimekosea nini?"

Mimi nimeziba mdomo. Mke wangu hanisaidii. Lakini muganga, asiyejua lolote la nyumba ile, akarukaruka kwenye kiti, akapiga makofi.

"Ulimi imerudi! Muriona? Wakati ule haikusikia kitu, hata kinini! Sasa nasikia! Ni zinki, mama, imejaa! Fundi amepona kabisa!"

Mama mkwe akageuza kichwa polepole, akanitazama, akamtazama muganga, akamtazama mumewe. Na yule mzee, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata dukani, akasimama katikati ya mkeka, akashika kichwa kwa mikono miwili:

"Miaka thelathini na minane nakula maini haya na ulimi wangu mzima! Muganga, hakuna chakula cha kunitoa na mimi hiyo zinki?"